Rafiki wa Handakini



Wapendwa wasikilizaji, katika Injili ya leo mwandishi mmoja anamwendea Yesu na kumwuliza ni amri ipi iliyo ya kwanza. Bwana anamjibu kwa amri mbili zisizotenganishwa: kumpenda Mungu kwa moyo wote, na kumpenda jirani kama nafsi yako. Tumeyasikia maneno hayo mara nyingi, hata masikio yameyazoea. Lakini kwa kuwa tumo katika Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, napenda tujiulize jambo ambalo kwa kawaida hatulifikirii: je, marehemu naye ni jirani? Na kama ni jirani, je, ni yule tu wa ukoo wetu na wa parokia yetu?

Mnisamehe nikianzia mbali. Katika mji wa London treni zimekuwa zikipita chini ya ardhi tangu mwaka 1863. Katikati ya mtaa wa mabenki makubwa kuna stesheni iitwayo Bank, ambayo sehemu yake ilichimbwa chini kabisa ya kanisa la kale la Waanglikana, St Mary Woolnoth. Kampuni ya reli ilikuwa imepata kibali cha kulibomoa kanisa hilo. Watu wakapiga kelele, nalo likaachwa lisimame juu ya mihimili ya chuma. Lakini chini ya sakafu yake walikuwa wamezikwa watu. Mifupa yao ilihamishwa na kuzikwa upya huko Ilford, na mwaka 1900 stesheni ikafunguliwa. Kila asubuhi wafanyakazi wa ofisi hupita hapo kwa maelfu, wakiwahi kazini, wala sidhani kama wengi wao huwakumbuka waliolala pale kabla ya reli. Siwahukumu. Sisi hatuna stesheni ya chini ya ardhi, si Mbeya, si Iringa, wala Dar es Salaam. Lakini njia ya kupita gizani ndani ya mlima tunayo, nasi huipita vivyo hivyo.

Nazungumzia mahandaki ya reli ya TAZARA. Aliyepanda treni Mbeya au Makambako kwenda Dar es Salaam anayafahamu. Baada ya Makambako treni huanza kuteremka polepole kuelekea Mlimba, katika bonde la Kilombero. Ghafla mlima unaimeza. Watoto wanapiga kelele, akina mama wanafunga madirisha, mtu anashika mzigo wake asije akaibiwa. Kisha mwanga unarudi, msitu unaonekana, daraja refu linapita chini yako, na kabla hujamaliza sentensi uliyoianza, giza tena. Reli nzima, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina urefu wa kilometa 1,860 na mahandaki zaidi ya 20, na mengi yake yamo katika kipande hicho kimoja.

Wazee wanakumbuka kwa nini ilijengwa. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikabanwa, maana shaba yake ilikuwa ikipitia kusini. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakatafuta msaada. Mataifa tajiri ya Magharibi yakasema reli hiyo haitalipa. Uchina ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi kwa makumi ya maelfu, nao waliopoteza maisha walikuwa zaidi ya 160. Miongoni mwao walikuwamo Wachina zaidi ya 60. Wengi wa hao wamelala Gongo la Mboto, Dar es Salaam, katika makaburi yanayotunzwa vizuri. Na wale wa kwetu? Ni nani kati yetu awezaye kutaja jina la mmoja wao?

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kusoma Misa katika kigango kimoja upande wa Makambako, nikawakuta katekista na mzee mmoja wakibishana mlangoni pa kanisa. Mzee alikuwa ameleta sadaka kwa ajili ya nia ya Misa, noti zilizokunjwa mara nne. Katekista alikuwa amekataa kuandika. Baada ya kusalimiana, Kamwene, Kamwene, nikauliza kuna nini.

“Padre,” akasema katekista, “mzee anataka Misa kwa ajili ya Mchina. Hakubatizwa, na jina lake hajui.”

Mzee akanieleza. Mwaka 1972, akiwa kijana, alibeba mawe handakini. Alifanya kazi bega kwa bega na Mchina mmoja wa umri wake. Hawakuwa na lugha moja, isipokuwa neno “rafiki”, basi wakaitana hivyo, kila mmoja akimwita mwenzake Rafiki. Siku moja mwamba uliporomoka. Yule Mchina alimsukuma mwenzake mbele. Yeye mwenyewe hakutoka. “Nimezaa watoto saba,” mzee akasema, “nao wana watoto. Mwalimu anadai jina. Kwani Mungu hamjui?”

Nitakiri mbele yenu kwamba sikujibu mara moja. Nilisoma teolojia miaka mingi, nikafundishwa na walimu wazuri, lakini pale mlangoni wazo langu la kwanza lilikuwa kama la katekista: nimpoze mzee, nimwambie tutamtaja kwa jumla pamoja na marehemu wote. Ni neno la mwisho la mzee lililonizuia.

Basi, ndugu makatekista, nisikilizeni vema, maana swali hili litawafikia. Kanuni ya 901 ya Sheria ya Kanisa yampa padre uhuru wa kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyefariki. Haisemi Mkatoliki peke yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wale ambao, pasipo kosa lao, hawaijui Injili, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yao wakisaidiwa na neema, waweza kuupata wokovu. Na katika Sala ya Ekaristi ya Nne twawaombea wafu ambao imani yao yajulikana kwa Mungu tu. Mara ngapi tumeisikia sala hiyo huku tukitazama saa! Hatusemi kwamba ubatizo si kitu. Kama ungekuwa si kitu, nisingewatuma vijijini kwa miguu wakati wa mvua. Twasema kwamba huruma ya Mungu haingoji daftari letu.

Yuda Mmakabayo alikusanya fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliouawa, ingawa walikutwa na sanamu chini ya nguo zao. Hakusema, hao si wa kuombewa. Na yule kijana wa handakini, ambaye huenda hakulisikia kamwe jina la Yesu, aliitimiza sehemu ya pili ya amri tuliyosomewa leo, tena kwa gharama yote.

Tangu mwaka 2024 tunasikia habari za makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Ni habari njema kwa wakulima wetu wa mahindi na viazi.

Asubuhi ile katekista alifungua daftari, akauliza aandike nini mahali pa jina. Mzee akamwambia. Wakati wa nia za Misa nikasoma kama ilivyoandikwa: “Kwa ajili ya marehemu Rafiki, aliyefariki handakini.” Kanisa zima likaitikia.

Tumsifu Yesu Kristo.