Mlango wa Kusikilizwa



Mwaka 1977, huko Marekani, Sista Jeannine Gramick na Padre Robert Nugent walianzisha utume kwa Wakatoliki wanaovutiwa na watu wa jinsia yao. Mwaka 1999 Roma iliwakataza utume huo moja kwa moja. Sista hakuacha utawa, wala hakuwaacha watu wale. Oktoba 2023 Papa Fransisko alimpokea Vatikani.

Mafundisho juu ya ndoa hayakubadilika. Lakini Katekisimu, namba 2358, yatuagiza kuwapokea watu hao kwa heshima na huruma, bila ubaguzi usio wa haki. Basi tujiulize: katika jumuiya zetu ndogondogo, tunawasikiliza au tunawasengenya? Asiyesikilizwa na ndugu zake, ataipokeaje Habari Njema kutoka vinywani mwao?