Mbele ya kutangaza biashara kwa WhatsApp

Wandugu, mkopo ukiisha kugawanywa, kila mtu anakimbilia kupiga picha ya samaki na kuituma. Ngojeni kwanza. Mama anayeuza samaki wa Kasenyi aandike mbele katika kaye: mzigo unatoka ziwani siku gani, kilo ni franka ngapi, nani atajibu simu wakati yeye yuko sokoni. Barabara ikifungwa, samaki hawafiki Bunia. Basi msiahidi siku. Semeni, “Ukifika, tutawajulisha.” Tayarisheni ujumbe wa wiki tatu, si picha moja tu. Bei iandikwe wazi. Ile ya “piga nikuambie” inamkulia mteja yunite, naye anaenda kwa jirani. Na ninyi wafadhili wetu, mega za intaneti nazo ni mtaji: tunaomba zihesabiwe ndani ya mkopo.