Maumivu ya Bega kwa Mkulima wa Nazi na Mvuvi



Hapa Mafia bega ni chombo cha kazi. Mkwezi hujivuta kwalo mnazini, mchukuzi hulitwika mzegazega, mvuvi hukokotea nyavu. Ndiyo maana mwanachama akilalamika bega, watu husema mara moja kuwa ni uchovu. Huchuliwa kwa mafuta ya nazi, na shauri huishia hapo. Mafuta hayana ubaya. Ubaya ni kudhani kwamba kila bega linalouma lina ugonjwa mmoja.

Lililo la kawaida ni lile la kazi. Misuli minne hutoka katika kombe la bega na kushika kichwa cha mfupa wa mkono kwa kano zake. Kano zikisuguliwa miaka mingi huvimba, na baadhi huchanika. Mkono huuma ukiinuliwa juu ya kichwa, na usiku mtu hawezi kulalia ubavu ule. Huyu apunguziwe kazi ya kuinua kwa majuma kadhaa, lakini mkono usiachwe bila kuchezeshwa, kwani utakakamaa.

Lipo pia bega linalokakamaa lenyewe pasipo ajali, hasa kati ya miaka 40 na 60, hata kuvaa shati kukawa taabu. Huchukua mwaka au zaidi kulegea. Huwapata zaidi wenye kisukari. Basi mgonjwa apimwe sukari.

Mkwezi akianguka na bega likabadilika umbo, asivutwe na jirani mwenye nguvu. Mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu hupita kwapani, na mvuto mbaya huweza kuupoozesha mkono. Ufungwe kifuani kwa kitambaa, apelekwe hospitali ya wilaya, Kilindoni. Hali kadhalika mzamiaji anayevuta hewa ya mtungi au ya mashine: bega likimuuma saa chache baada ya kuibuka, huenda ni mapovu ya hewa mwilini. Huyo hachuliwi, humwona daktari upesi.

La kuogopwa kuliko yote halitoki begani. Maumivu ya bega, hasa la kushoto, yasiyobadilika mkono ukitikiswa, yakifuatana na kifua kubana, jasho jingi na pumzi kukatika, huweza kuwa ya moyo. Hapo hakungojwi asubuhi. Kwa vyama vya Jibondo, Juani na Chole, ambako ni lazima kuvuka maji, katibu ajue tangu sasa ni chombo gani kitakachomvusha mgonjwa usiku, na nani nahodha wake.