JUA TUNALOLIOTA NA GESI ILIYO BONDENI KWETU



Sisi tuishio Sumbawanga twaijua thamani ya jua. Katika baridi ya Juni na Julai, baada ya sala ya alfajiri, hungojea lichomoze tupate kuliota. Je, tumepata kujiuliza moto ule hukokwa kwa kuni gani?

Jua haliungui kama kuni. Katika kitovu chake joto hufikia nyuzi milioni 15 za Selsiasi. Kwa joto hilo, viini vya haidrojeni, ambavyo kwa kawaida husukumana, hugongana vikashikamana. Viini vinne, hatua kwa hatua, huishia kuwa kiini kimoja cha heliamu. Lakini kiini hicho ni chepesi kuliko vile vinne kwa sehemu 7 hivi katika 1,000. Upungufu huo haukupotea, bali umegeuka nishati. Kila sekunde jua huunganisha takriban tani milioni 600 za haidrojeni, na tani milioni 4 hivi kati ya hizo hugeuka mwanga na joto.

Jina heliamu latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya jua, kwani dalili zake zilionekana katika mwanga wa jua mwaka 1868, kabla haijapatikana ardhini mwaka 1895.

Mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kuwapo kwa heliamu nyingi katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya nyanda zetu za Ufipa. Asidhani mtu kwamba hiyo imeshuka kutoka juani. Ya jua hutokana na kuungana. Ya Rukwa hutokana na kuvunjika. Urani na thoriamu zilizomo katika miamba ya kale huvunjika polepole kwa mamilioni ya miaka, na heliamu ikabaki imefungwa humo, mpaka joto la volkano za Bonde la Ufa lilipoifungulia.

Ndugu zangu, gesi hii ni nyepesi mno. Ikivuja hupanda angani, na hatimaye huiacha dunia isirudi. Nayo ndiyo ipoozayo mitambo ya hospitali ipigayo picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Basi ni amana. Tuwasomeshe watoto wetu fizikia na kemia, wavulana kwa wasichana, ili yanapojadiliwa mambo ya gesi hii wawepo wana wa Rukwa wanaokijua kinachouzwa.

Wabillahi tawfiq.