MCHORO WA CHOMBO UKUTANI

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kibaoni, Ifakara)



Leo tunataka kuzungumza habari za kuchora. Pengine mtasema, aah, kuchora ni kazi ya watoto. Sivyo. Sikilizeni.

Maji ya mto wetu Kilombero huingia mto Rufiji. Rufiji nao huingia baharini. Ukifuata pwani kutoka hapo kwenda kusini, unafika Kilwa. Huko kuna visiwa viwili, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Miaka 700 iliyopita Kilwa ulikuwa mji tajiri. Dhahabu kutoka Sofala ilipita hapo. Watu walijenga misikiti na majumba kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jumba la Sultani liliitwa Husuni Kubwa. Leo yote hayo ni magofu, na tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa, katika kuta za magofu hayo kuna michoro ya vyombo vya baharini. Mtu alikwaruza chokaa kwa kitu chenye ncha. Unaona mlingoti, tanga na kamba. Jina lake hakuandika. Lakini alikijua chombo alichokichora.

Michoro ya namna hii iko sehemu nyingi za pwani. Mingine inaonyesha mtepe. Mbao za mtepe hazikupigiliwa misumari, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ya zamani haipo tena, mbao zimeoza. Basi wataalamu wakitaka kuijua, michoro hiyo inawasaidia.

Ndugu zangu, tufikiri habari za mtumbwi wetu. Wandamba wamevua na kuvuka kwa mitumbwi tangu zamani. Mwaka 2018 daraja la Kilombero lilifunguliwa, urefu wake mita 384. Siku hizi tunakwenda Mahenge bila kungoja pantoni. Daraja ni jambo jema. Lakini tujiulize: vijana wangapi wanajua kuchonga mtumbwi? Gogo gani linafaa? Fundi anajuaje kwamba ubavu umekuwa mwembamba wa kutosha, asije akautoboa kwa tezo? Mambo haya yamo kichwani mwa wazee. Mzee akifa, yanakwenda naye.

Sisi tunajua kusoma na kuandika. Tufanye hivi:

1. Chukua daftari na penseli, nenda kwa mzee aliyewahi kuchonga mtumbwi. Mwombe kwa adabu akueleze.

2. Chora mtumbwi mara mbili: unavyoonekana ubavuni, na unavyoonekana kutoka juu. Pima kwa hatua, uandike urefu.

3. Andika jina la kila sehemu, kwa Kindamba na kwa Kiswahili. Usisahau kafi na upondo.

4. Andika jina la fundi, jina lako na tarehe.

Mchoro usipopendeza, si kitu. Ukiwa wa kweli, inatosha.

Na ukijaliwa kufika Kilwa, usikwaruze kuta zile. Ukuta ukibomoka, na mchoro umepotea. Chora katika daftari lako.

Madaftari yakijaa, yaleteni darasani tuyasome pamoja, na wazee wawepo watusahihishe.