Nani Atalipa? Bima na Dhima ya Jamaa za Kampala

Mwaka 2023 watu 4,806 walipoteza maisha yao katika ajali za barabarani nchini Uganda, kwa mujibu wa taarifa ya Polisi. Mwaka uliotangulia idadi hiyo ilikuwa 4,534. Hesabu hizi husomwa, watu husikitika, kisha kila mmoja huirudia shughuli yake. Lakini baada ya mazishi, au baada ya majeruhi kutoka hospitali ya Mulago, hubaki swali moja ambalo aghalabu halisemwi hadharani: nani atalipa?

Sheria hulijibu swali hilo bila kigugumizi. Msingi wake ni sheria za Kiingereza zilizopokewa Uganda tangu tarehe 11 Agosti, 1902, nao wasema kwamba mtu anayemdhuru mwenzake kwa uzembe hana budi kumlipa fidia. Sheria haiulizi kama mtu huyo ni tajiri au maskini. Wala haiulizi kama alikusudia. Huangalia madhara yaliyotokea, na uzembe ulioyaleta.

Wenye magari na pikipiki wengi huamini kwamba wamekwisha kujikinga. Sheria ya mwaka 1989 ilivilazimisha vyombo vya moto viwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na stika yake ndiyo ambayo askari wa barabarani huiulizia. Ni sheria njema, lakini kinga yake ni nyembamba. Bima hiyo yahusu kifo na majeraha ya mwili tu; ukuta uliobomolewa au kibanda cha biashara kilichovunjwa havimo. Zaidi ya hayo, kwa muda uliozidi miaka thelathini tangu sheria hiyo itungwe, malipo kwa mtu mmoja aliyeumia yalibaki na kikomo cha shilingi milioni moja. Mwaka 1989 dola moja ya Marekani ilikuwa chini ya shilingi 400 kwa bei ya serikali. Katika miaka ya 2020 dola hiyo hiyo imekuwa zaidi ya shilingi 3,400. Kwa hiyo milioni iliyokuwa na thamani ya zaidi ya dola 2,500 imesinyaa ikawa chini ya dola 300. Mfupa wa paja uliovunjika hautibiwi ukapona kwa fedha hizo.

Jambo linalosahauliwa ni hili: kikomo hicho ni cha bima, si cha mahakama. Hakimu akiamua kwamba aliyeumia anastahili shilingi milioni 40, kampuni ya bima hulipa sehemu yake, na zilizobaki huwa deni la mwenye gari. Asipolipa, dalali wa mahakama huja kutafuta mali: gari lenyewe, kiwanja, na hata nyumba ambayo jamaa wameijenga tofali kwa tofali kwa miaka ishirini.

Wala hatari haiko barabarani peke yake. Kampala ni mji wa vilima, na juu ya vilima hivyo kiwanja cha mtu mmoja hukaa juu ya paa la mwenziwe. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, hulowesha udongo, nao ukuta usiojengwa kwa nguzo imara huanguka upande wa chini, walipo watoto wa jirani. Tawi la mfenesi hukatika. Mbwa wa ulinzi huponyoka langoni akamrarua mpita njia. Mtungi wa gesi hulipuka jikoni, moto ukavuka ua.

Mwaka 1868 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua shauri la maji yaliyovuja kutoka bwawa la mtu mmoja yakafurika katika mgodi wa jirani yake. Mwenye bwawa hakuwa mzembe yeye mwenyewe. Kazi ya ujenzi alikuwa amewapa mafundi. Hata hivyo aliamriwa kulipa, kwa sababu aliyekusanya kitu cha hatari katika ardhi yake ndiye anayepaswa kukizuia kisitoke. Uamuzi huo uliingia katika sheria za nchi nyingi zilizofuata mkondo wa Kiingereza, Uganda ikiwemo. Mwenye tangi kubwa la maji juu ya kilima yafaa aukumbuke.

Tena kuna dhima kwa wafanyakazi. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2000 yataka kwamba mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini na kuacha wanaomtegemea, mwajiri alipe mshahara wake wa miezi 60. Kwa mtu aliyelipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, hizo ni shilingi milioni 12. Mwenye nyumba anayemwajiri kijana apande darini kutengeneza bati huenda hajapata hata siku moja kujihesabu kuwa mwajiri.

Hapa ndipo lilipo wazo la bima ya mwavuli. Jina lake laeleza kazi yake. Mkataba wa gari una kikomo chake, na mkataba wa nyumba una kikomo chake. Mwavuli hutandazwa juu ya yote miwili. Mathalani, hukumu ikiwa ya shilingi milioni 60 na mkataba wa chini ukalipa milioni 20, milioni 40 zilizosalia hulipwa na mwavuli, iwapo zimo ndani ya kiasi kilichoandikwa. Kwa kuwa hulipa tu pale mikataba ya chini inapokwisha, bei yake huwa nafuu ikilinganishwa na ukubwa wa kinga. Lakini hautengenezi gari la mwenyewe, haulipi faini za jinai, na haumwokoi aliyedhuru kwa makusudi.

Mkataba huu umezoeleka zaidi Marekani, ambako huuzwa kwa mafungu ya dola milioni moja. Mwananchi wa Kampala hana haja ya kuanzia huko. Hatua ya kwanza ni kuwa na bima halali ya chombo chake. Ya pili ni kuuliza gharama ya kuongeza kikomo na kuingiza mali za watu wengine. Ya tatu ni bima ya nyumba iliyo na sehemu ya dhima kwa majirani na kwa watumishi wa nyumbani. Baada ya hayo ndipo yafaa kuulizia kinga ya juu zaidi.

Wapo wanaosema kwamba bima ni anasa ya matajiri. Lakini tajiri akidaiwa huuza kiwanja kimoja akabaki na vitatu. Mwenye nyumba moja akidaiwa hulala nje. Wapo pia wasemao kwamba makampuni hupokea upesi na kulipa polepole. Lawama hiyo haitoki hewani, na dawa yake ni kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, kuchagua kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na kupeleka malalamiko katika ofisi ya Mamlaka hiyo inayoyashughulikia.

Maana ya bima si ngeni kwa watu wa Kampala. Katika mitaa yao wamekuwa na vyama vya munno mukabi, yaani rafiki wakati wa dhiki, ambavyo wanachama huchanga kidogo kidogo ili mmoja wao asizikwe kwa aibu. Bima ni mchango wa namna hiyo hiyo, ila wachangaji ni wengi zaidi na mzigo unaobebwa ni mkubwa zaidi.

Na yafaa ikumbukwe kwamba kinga hii si ya mwenye nyumba peke yake. Mtoto aliyeangukiwa na ukuta hapati tiba kwa hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu. Mkosaji asiye na bima na majeruhi asiye na fidia huangamia pamoja. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika vilima vya Kampala, asiyeziba ufa huenda akajenga ukuta wake, na wa jirani yake pia.