Kugawa Si Kutupa



Mwaka 2003, mjini Tucson, Marekani, ulianzishwa mtandao wa Freecycle ili watu wagawiane bure vitu wasivyovihitaji. Leo sisi nasi twatangaziana kwa simu, katika makundi ya mitaa yetu, cherehani, vitanda na sare za shule. Jambo hili ni jema, kwani laafikiana na udugu tuliofunzwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Lakini kugawa si kutupa. Mwenye cherehani iliyovunjika gurudumu aseme wazi, ili mwenzake asilipe nauli kufuata chuma kibovu. Aliyekwisha kumwahidi jirani asimgeuke kwa kuwa ametokea mwenye cheo. Naye mpokeaji afike saa waliyopatana, au atoe taarifa mapema.

Zaidi ya yote, tusimpige picha mama aliyejitwika godoro tulilompa, tukaisambaza ili tusifiwe. Picha hiyo itawafikia jirani zake kabla yeye hajafika nyumbani. Godoro litachakaa, fedheha itabaki. Tutoapo kitu, tusidai utu wa mtu kuwa malipo yake.